Kozi fupi za Januari kwa mwanafunzi wa MBA Marekani: kuchagua, kujisajili na kuimaliza vizuri

Mitihani ya Desemba ikiisha, vyuo vingi vya Marekani hubaki kimya mpaka wiki ya tatu ya Januari. Muhula wa pili bado, nauli ya kurudi Mwanza au Mombasa msimu wa Krismasi iko juu, na nje ni baridi. Ni katika kipindi hicho shule za biashara hupanga kozi fupi za hiari kwa wanafunzi wa uzamili: nyingine za siku tano, nyingine za wiki mbili au tatu. Ukichagua vizuri, kozi moja ya namna hiyo inakupunguzia mzigo wa muhula unaofuata na kukupa stadi utakayoitumia kazini kiangazi hichohicho. Ukiichukua kwa kubahatisha, ndani ya siku kumi unaweza kuwa umeshapoteza ada na kuharibu wastani wako wa alama, na muda wa kurekebisha haupo.

Nimeuandika mwongozo huu nikimlenga mwanafunzi wetu aliyeko Marekani kwa viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi wa kigeni, maana ndiye mwenye mambo mengi ya kuangalia kuliko mwenzake aliye raia. Kabla ya hatua yoyote, shika hili: kozi ya Januari inaamuliwa Oktoba na Novemba. Anayeanza kuifikiria baada ya kumaliza mitihani ameshachelewa, hata kama mfumo wa usajili bado uko wazi.

Hatua ya 1: Jua shule yako ina kozi za aina gani

Usidhani kila shule inafanya kama ya rafiki yako. MIT wana kipindi cha wiki nne kinachoitwa Independent Activities Period, au IAP kama wenyewe wanavyokitaja, na wamekuwa nacho tangu 1971. Ndani yake kuna masomo yenye krediti (vipimo vya somo vinavyohesabiwa kwenye shahada) na mengine ya kujifunza tu, na kuna kikomo: huruhusiwi kuzidi yuniti 12, ambazo ni kipimo cha MIT wenyewe. Harvard Business School wana programu fupi za Januari ambazo hazina krediti, hazina alama wala ada ya ziada. Unakwenda kwa sababu unataka kujua. Columbia Business School wana kozi za wiki moja zinazobanwa siku tano, asubuhi hadi jioni. NYU Stern wana kozi za Doing Business in, ambapo darasa zima linahamia nchi nyingine kwa wiki moja au mbili. Wharton wana Global Modular Courses za siku chache zinazofanyika nje ya Philadelphia, mji wao; wamewahi kufundishia moja Rwanda, kuhusu uongozi na mabadiliko baada ya mgogoro. Vyuo vya umma navyo vina utaratibu wao: University of Maryland wana muhula wa wiki tatu mwezi Januari, na Rutgers huanza wao kabla hata ya Krismasi.

Kwa hiyo fungua kalenda ya shule yako na utafute mambo manne: kozi ina krediti au haina, inafanyika darasani au mtandaoni, iko nchini au nje, na kwenye transkripti, yaani hati yako ya matokeo, inahesabiwa muhula gani. Hilo la mwisho watu wengi hulipita haraka. Nitalirudia kwenye suala la viza kwa sababu ndilo linaloleta matatizo makubwa.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya saa

Kanuni ya serikali ya shirikisho ya Marekani inasema krediti moja ya muhula ni sawa na saa moja darasani na saa zisizopungua mbili za kujisomea kila wiki, kwa takriban wiki 15. Kozi ya krediti 3 basi ni saa 45 za darasa na saa 90 za kujisomea. Jumla saa 135.

Sasa zigawe saa hizo 135 kwa wiki tatu. Unapata saa 45 kila wiki, yaani kazi ya kutwa na zaidi kidogo, kwa somo moja tu. Ndiyo maana vyuo vingi havikuruhusu kuchukua kozi mbili kwa pamoja Januari. Mwanafunzi aliyezoea kusoma masomo manne kwa muhula anaiona kozi moja na kujiambia kwamba atapata nafasi ya kufanya kazi maktaba, kutembelea ndugu Minneapolis na kupumzika. Hesabu haikubali.

Kozi ya siku tano yenye krediti 1.5 ina hesabu yake. Jumla ya saa ni 67 na nusu, na darasani utakaa kama 22 na nusu. Saa 45 zilizobaki haziwezi kuingia ndani ya wiki ileile, kwa hiyo zimewekwa kabla na baada: usomaji wa kutangulia wakati wa likizo, na ripoti au karatasi ya kuwasilisha wiki mbili au tatu baadaye. Ukiona silabasi ya wiki moja yenye kurasa za kusoma kama za muhula mzima, mhadhiri hajakosea.

Chukua daftari uandike tarehe zako halisi. Toa siku ya Mwaka Mpya. Toa Jumatatu ya tatu ya Januari, ambayo ni sikukuu ya Martin Luther King na kwa kawaida hakuna masomo. Toa siku utakayokuwa safarini. Angalia kilichobaki ndipo uamue.

Hatua ya 3: Linganisha na msimu wa usaili

Kama uko mwaka wa kwanza na unatafuta mafunzo ya kazi ya kiangazi kwenye ushauri wa biashara au benki za uwekezaji, Januari ndio mwezi wa usaili. Kampuni kubwa za ushauri kama McKinsey, BCG na Bain huwaita wanafunzi wa MBA mwezi huo, na maandalizi yake huanza Desemba. Kukaa darasani saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni, kisha kufanya mazoezi ya kesi za usaili (matatizo ya kampuni unayopewa uyatatue mbele ya msaili) usiku, ni kujitafutia kushindwa kote kuwili.

Ushauri wangu kwa mwaka wa kwanza mwenye lengo hilo ni mfupi: chukua kozi isiyo na alama, au usichukue kabisa. Kozi zitakuwepo mwakani, lakini nafasi ya usaili huenda isirudi. Mwaka wa pili, au aliyekuja na mwajiri wake nyumbani anayemsubiri, yuko huru zaidi na ndiye anayefaidika sana na kipindi hiki.

Hatua ya 4: Chagua somo linalokubali kubanwa

Hapa ndipo penye uamuzi mkubwa, na naomba utulie hapo. Somo zuri kwa wiki 14 linaweza kuwa baya kwa wiki moja. Kuna masomo kama maharage makavu: ukiyaharakisha moto unabaki na kitu kigumu kisicholika. Takwimu kwa mtu asiye na msingi, uhasibu wa hatua za juu, uchumi wa nadharia, hayo yanataka ulale nayo, uyasahau kidogo, urudi. Usiyachukue Januari kwa sababu tu yamo kwenye orodha.

Yanayofaa ni yale ya kufanya kwa mikono na mdomo. Majadiliano ya kibiashara yanafaa kuliko yote ninayoyajua. Kila siku mnagawiwa karatasi za siri, mnakaa wawili wawili, mnajadiliana, mnarudi darasani kulinganisha matokeo. Mfano wake ni kama huu. Mmoja ni mnunuzi wa viti 2,000 vya hoteli mpya, na karatasi yake inasema asizidi dola 90 kwa kiti. Mwingine ni kiwanda, na yake inasema kumaliza viti vyote ifikapo Machi kunamlazimu kulipa saa za ziada, kwa hiyo hawezi kushuka chini ya dola 95. Wakibishana bei tu, wanaamka mezani mikono mitupu. Lakini karatasi ya mnunuzi ina mstari mmoja pale chini: ghorofa nne za kwanza zinafunguliwa Machi, zilizobaki Juni. Na ya kiwanda inasema viti 1,000 vinaweza kutoka Machi bila saa za ziada, kwa gharama inayomruhusu kuuza hata dola 80. Atakayeuliza, "Viti vyote 2,000 mnavitaka siku moja?" ndiye anayefungua mazungumzo. Ukifanya mazoezi kumi ya namna hiyo ndani ya siku tano, kuuliza kunakuwa tabia. Ukiyafanya mara moja kwa wiki, kati yake unakuwa umesharudia mazoea ya zamani. Hii ndiyo sababu kozi ya aina hii inapata nguvu ikibanwa.

Sisi tuliokulia Kariakoo, Gikomba au Kongowea tunaingia darasa hilo tukiwa na kitu mkononi: hatuoni haya kupatana. Lakini mara nyingi tumezoea kupatana bei peke yake, wakati darasa linafundisha kupatana muda, kiasi, namna ya kulipa na nani abebe hasara mambo yakiharibika. Sikiliza kwa makini hapo.

Somo la pili linalofaa ni modeli za fedha kwenye Excel, kwa sharti kwamba uhasibu wa mwaka wa kwanza umekuingia. Siku ya kwanza mnaunganisha taarifa tatu: faida na hasara, mizania, na mtiririko wa fedha. Faida halisi inatoka kwenye taarifa ya kwanza, inakwenda kuwa mstari wa juu wa mtiririko wa fedha, na hapohapo inaongeza faida iliyolimbikizwa kwenye mizania. Kisha mizania inakataa kufunga, yaani mali hazilingani na jumla ya madeni na mtaji. Tofauti inaweza kuwa 40,000, na darasa zima linainama kwenye kompyuta. Mara nyingi kosa liko kwenye alama ya kujumlisha au kutoa: wadaiwa wameongezeka kwa 20,000, fedha taslimu ilitakiwa ipungue kwa kiasi hicho, lakini mtu ameijumlisha. Makosa ya 20,000 kuelekea upande usio sahihi yanakupa tofauti ya 40,000, ndiyo maana wazoefu hugawa tofauti kwa mbili kabla ya kutafuta kitu kingine. Kitu kama hicho kinashika kichwani ukikifanya kutwa nzima bila somo lingine kuingilia.

Kozi za uwanjani ni kundi la tatu: mnakwenda kwenye kampuni, mnatatua tatizo moja, mnawasilisha. MIT Sloan wana G-Lab, ambayo kazi yake huanza vuli kwa mbali na Januari timu inahamia kwa kampuni mwenyeji kwa wiki tatu hivi. Kama unafikiria kurudi kufanya kazi Afrika, kozi za namna hii ni mlango mzuri wa kujenga majina ya watu unaowafahamu.

Kuhusu uongozi, mawasiliano na ujasiriamali sina la kusema sana. Ubora wake unamtegemea mhadhiri. Tafuta tathmini za wanafunzi wa mwaka uliopita, na umuulize mtu wa mwaka wa pili aliyeisoma.

Hatua ya 5: Nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla ya kujisajili

Fanya hivi Novemba mwanzoni, na maswali yako yaandike kwa barua pepe ili majibu yabaki kwa maandishi. Maafisa wa ofisi hiyo wana kazi nyingi mwisho wa muhula, na jibu la mdomo kwenye korido halitakulinda.

La kwanza kuuliza ni kama krediti za Januari zinahesabiwa kwenye muhula wa pili. Mwanafunzi wa F-1 lazima awe na mzigo kamili wa masomo katika kila muhula wa kawaida. Kwa uzamili, vyuo vingi vinaweka krediti 9. Mtu anajiambia, "Nitachukua 3 Januari, kisha 6 muhula wa pili, jumla 9." Kama chuo chake kinaihesabu Januari kama muhula unaojitegemea, huyo muhula wa pili ana 6 tu na ameshavunja masharti ya viza bila kujua. Ipo nafuu kwa aliyebakiza krediti chache katika muhula wake wa mwisho, lakini afisa wa shule lazima aidhinishe kabla hujapunguza mzigo.

La pili ni masomo ya mtandaoni. Katika kuhesabu mzigo kamili, F-1 anaruhusiwa somo moja la mtandaoni au krediti 3 tu kwa muhula. Ikiwa Januari inaunganishwa na muhula wa pili, kozi yako ya mtandaoni inaweza kula nafasi hiyo yote.

La tatu ni kazi. Chuo kikiwa kwenye masomo, kazi za ndani ya chuo zina kikomo cha saa 20 kwa wiki. Likizo rasmi unaweza kufanya zaidi. Je, ukiwa umejisajili kozi ya Januari bado unahesabiwa uko likizo? Uliza kwa tarehe kamili, kuanzia siku gani hadi siku gani.

La nne linawahusu wanaochagua kozi za kampuni. Kama kuna malipo yoyote, au unafanya kazi ambayo kampuni ingemlipa mtu mwingine, huenda ukahitaji kibali cha CPT (cha kufanya kazi iliyo sehemu ya masomo) kilichoandikwa kwenye I-20, ile hati ya mwanafunzi wa F-1 inayotolewa na chuo, kabla ya siku ya kwanza. Kwa kawaida kibali hicho hupatikana baada ya mwaka mmoja wa masomo, isipokuwa programu yenyewe inamlazimu kila mwanafunzi kufanya mafunzo hayo mapema.

Hatua ya 6: Fedha

Shule hutoza kwa njia kuu mbili. Nyingine zina ada moja ya mwaka, na kozi ya Januari iko ndani yake mradi hujavuka kikomo cha krediti. Nyingine hutoza kwa kila krediti, na hiyo ni hundi nyingine kabisa. Soma ukurasa wa ada wa shule ya biashara yenyewe, maana wa chuo kizima mara nyingi una viwango tofauti.

Kama unafadhiliwa na serikali, benki au taasisi, mwandikie mfadhili mapema. Barua za ufadhili huandikwa kwa mihula miwili, na Januari inaweza isiwemo. Omba barua ya nyongeza inayotaja kozi na kiasi. Usilipe kwa kadi ukitegemea kurudishiwa.

Angalia na malazi. Mabweni mengine hufungwa kati ya mihula na anayebaki hulipia kwa wiki. Halafu soma tarehe za kurudishiwa ada ukijiondoa: kwenye kozi ya wiki tatu, dirisha la kurudishiwa ada yote huwa siku moja au mbili, na kwenye ya siku tano mara nyingi hufungwa kabla kozi haijaanza.

Hatua ya 7: Kama kozi iko nje ya Marekani

Anza na kurudi. Kwenda ni rahisi kuliko kurudi kwa mwenye pasipoti yetu. Fungua pasipoti uangalie viza ya F-1 inaisha lini na inaruhusu kuingia mara ngapi. Wapo wanafunzi waliomo nchini kihalali kabisa kwa I-20, lakini viza iliyobandikwa kwenye pasipoti imeshaisha. Hao wakitoka, kwa safari nyingi, lazima waombe viza mpya kabla ya kurudi. Tangu Septemba 2025 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani inawataka waombaji waombe katika nchi yao ya uraia au ya makazi, kwa hiyo ile njia ya kupitia ubalozi wa Marekani katika nchi mliyotembelea usiitegemee. Mrundi aangalie zaidi: Juni 2025 nchi yake iliwekwa kwenye orodha ya vikwazo vinavyogusa viza za wanafunzi, na baadaye orodha iliongezwa nchi nyingine. Mwanafunzi yeyote wa Afrika Mashariki aisome upya kabla ya kulipia safari.

Sahihi ya kusafiria kwenye ukurasa wa pili wa I-20 hudumu mwaka mmoja. Kama imekaribia kwisha, peleka ikasainiwe upya kabla ofisi haijafungwa kwa Krismasi.

Kisha viza ya kuendea. Mkenya au Mtanzania anayekwenda Ujerumani au Uhispania na darasa lake anahitaji viza ya Schengen, ya kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, wakati wenzake Wamarekani wanapanda ndege tu. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasipungue siku 15, uamuzi huchukua siku 15 na unaweza kufika 45. Ukiomba Desemba kwa safari ya Januari 5, umejiweka pabaya. Mwambie mratibu wa kozi siku ileile unayokubaliwa kwamba unahitaji barua ya mwaliko, tarehe, hoteli na bima. Waratibu wengi ni watu wema, lakini hawalijui hili kwa sababu wanafunzi wao wengi haliwahusu.

Uliza pia ada ya programu inalipia nini. Mara nyingi ni hoteli na usafiri wa ndani. Nauli ya ndege na gharama ya viza ni zako. Na tafuta kama pesa hizo zinarudishwa ukinyimwa viza. Jibu likiwa hapana, fikiri mara mbili.

Hatua ya 8: Usajili

Shule nyingi hugawa nafasi kwa pointi au kwa zabuni, yaani unaweka pointi ulizopewa kwenye kozi na aliyeweka nyingi ndiye anayepata, na kozi fupi zenye sifa hujaa haraka kwa kuwa darasa ni dogo. Weka pointi zako kwenye kozi moja unayoitaka kweli. Ukiwekwa kwenye orodha ya kusubiri, usikate tamaa: watu hujiondoa wiki ya mwisho ya Desemba wanapopata mwaliko wa usaili au tiketi rahisi ya kwenda kwao. Mwandikie mhadhiri barua fupi yenye sentensi tatu, useme kwa nini unaitaka kozi na kwamba uko tayari kuanza usomaji wa kutangulia hata kabla hujapata nafasi. Kisha uanze kweli.

Hatua ya 9: Usomaji wa kutangulia

Kozi ya wiki moja hushindwa au hushinda hapa. Vitu vya kusoma hutolewa Desemba, wakati kila mtu amechoka. Pumzika siku chache kabisa, bila kujilaumu, kisha tenga saa mbili kila asubuhi. Kwa kila kesi, yaani kisa cha kampuni cha kujadili darasani, andika nusu ukurasa: kampuni ina tatizo gani, nani anapaswa kuamua, namba gani mbili zina uzito, na wewe ungefanya nini. Nusu ukurasa huo ndio utakaokuokoa saa tatu asubuhi mhadhiri anapokuita jina bila kutarajia. Wiki ya kozi yenyewe hutakuwa na nafasi ya kusoma upya kesi mbili usiku na kukutana na kundi lako pia.

Ukienda nyumbani kwa Krismasi na kozi ni ya mtandaoni, hesabu saa. Januari, New York iko nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa 8. Darasa la saa 3 asubuhi New York ni saa 11 jioni kwenu, hilo ni zuri. Darasa la saa 12 jioni kule ni saa 8 usiku kwenu, wiki tatu mfululizo, na kamera lazima iwe imewashwa. Waambie watu wa nyumbani mapema, tena kwa heshima: "Mama, kuanzia tarehe fulani nitakuwa darasani usiku, mchana nitalala." Mzazi aliyekungoja mwaka mzima asikuone umelala saa sita mchana akadhani unaumwa au umemchoka. Nunua bando la akiba na hakikisha simu inaweza kushika nafasi ya kompyuta umeme ukikatika.

Hatua ya 10: Wiki yenyewe

Kukosa siku moja ya kozi ya siku tano ni kukosa sehemu moja ya tano ya somo, kama wiki tatu za muhula wa kawaida. Silabasi nyingi husema wazi kwamba ukikosa siku nzima hupasi. Kwenye majadiliano ya kibiashara madhara yanamfikia na mwenzako, maana ukikosa yeye hana wa kujadiliana naye.

Theluji haina huruma na ratiba. Tarehe 29 Januari 2022 Boston ilipata karibu sentimita 60 kwa siku moja. Kama unakaa mbali, lala karibu na chuo usiku ule utabiri unapokuwa mbaya, na uliza siku ya kwanza darasa litahamishiwa wapi likifutwa. Wengi siku hizi huhamia mtandaoni papo hapo. Viatu vya theluji nunua Novemba. Januari saizi za kawaida huwa zimekwisha.

Kundi lenu lipange kazi jioni ya kwanza, kabla hamjaachana: nani anaandika, nani anashika namba, nani anawasilisha, na saa ngapi mnafunga kompyuta. Ukiona jambo hulielewi, liseme siku hiyohiyo. Kwenye muhula mrefu unaweza kusubiri saa za ofisi za wiki ijayo. Hapa wiki ijayo kozi imekwisha. Na kama lafudhi yako inakufanya usite kuongea, ongea katika nusu saa ya kwanza ya siku ya kwanza, hata kwa sentensi moja. Baada ya hapo darasa limeshakuzoea, na alama za kushiriki huwa nyingi kwenye kozi hizi.

Hatua ya 11: Baada ya kozi

Karatasi ya mwisho itawasilishwa wakati muhula wa pili umeshaanza na masomo mapya yanadai. Andika rasimu ndani ya siku tatu baada ya darasa la mwisho, mambo yakiwa bado mabichi kichwani, hata kama muda uliopewa ni wiki tatu. Ukiiacha hadi Februari utaiandika kwa kumbukumbu za mtu mwingine.

Fuatilia alama. Kozi fupi wakati mwingine huchelewa kuingizwa kwenye mfumo, na wewe unahitaji kujua kabla dirisha la kuongeza masomo ya muhula wa pili halijafungwa. Kama krediti za Januari zinaingia kwenye hesabu yako ya kuhitimu Mei, mwombe mshauri wa masomo akufanyie ukaguzi wa krediti wiki ya kwanza ya Februari, akuoneshe kwa maandishi kozi imewekwa kwenye kundi gani: ya lazima, ya hiari, au ya nje ya programu. Ikiwa imewekwa pasipo pake, huo ndio muda wa kuandika barua ya kuomba irekebishwe. Kufika Aprili, watu wa usajili wanakuwa wameshaanza kuandaa majina ya wahitimu.